Hodi ya Kalijero

Jumatatu ile ilianza vizuri tu. Palupi alinunua wali na tempe ya soya kwa mama wa kibandani, ukafungwa kwenye jani la mgomba, akaelekea kwenye kituo cha kuangalia volkano pale Tegalrasa, chakula mkono mmoja, mwavuli mkono wa pili. Mlima Wulung ulikuwa wazi mpaka kileleni, na moshi wake mwembamba ulipanda wima kama wa mtu anayevuta sigara peke yake.

"Mbak Palupi!" Pak Gimin alimwita kutoka getini; kwetu Mbak ni dada, na Pak ni mzee au bwana. Alikuwa fundi wa vituo vya mlimani, mtu wa miaka hamsini na tisa, mdomo haumtulii. "Mwavuli wa nini na jua lote hili?"

"Huijui mvua ya huku, Pak? Inaingia kama shemeji, bila hodi."

"Basi iandikie programu uifungie mlango!"

Wakacheka. Utani huo kila mtu pale ofisini aliujua, maana kazi ya Palupi ilikuwa hiyo hasa: milango. Vituo vidogo vilivyouzunguka mlima vilikuwa vitano, sasa vimebaki vinne, na kila kimoja kina kompyuta yake. Kila dakika kompyuta hizo hubisha hodi kwenye seva kubwa ya Tegalrasa, kwenye lile tundu la kupokelea ambalo wenye kazi yao huliita soketi, huacha hesabu za mitetemo ya ardhi, huondoka. Programu ya kuzifungulia aliiandika Palupi.

Zamani ilimfungulia yeyote. Kisha siku moja mtu asiyejulikana, huko aliko duniani, akabisha na kuacha mitetemo ya uongo. Ving'ora vikalia. Vijiji viwili vikakimbia kwenye mvua, mama mjamzito akaanguka korongoni, mtoto akatoka kabla ya wakati na hakuishi. Baada ya hapo mkuu wa kituo, Pak Danurwendo, akaja akasimama mbele ya meza ya Palupi. "Kuanzia leo," alisema, "asiyejulikana jina lake na kwao hapiti."

Palupi akaandika ulinzi. Anayebisha huja na anwani, yaani namba. Programu humuuliza kwanza: namba hii ni ya nani? Akijibu jina, programu haitosheki, kwa sababu jina mtu aweza kujipachika. Hufungua daftari lake la majina na kugeuza swali: mwenye jina hili anakaa namba gani? Namba ikirudi ileile, mlango unafunguliwa. Ikirudi nyingine, unafungwa papo hapo bila neno. Na kila hodi huandikiwa mstari mmoja kwenye kumbukumbu: saa, namba, jina, uamuzi.

Ndiyo kumbukumbu hiyo aliyoifungua Jumatatu asubuhi, kama desturi yake, kabla hajafungua chakula.

Jumamosi, saa nane kasoro dakika ishirini na tano mchana: *kalijero. Jina na anwani havilingani. Mlango umefungwa.*

Jumapili, saa nane kasoro dakika ishirini na nne: *kalijero. Jina na anwani havilingani. Mlango umefungwa.*

Alisoma mara mbili. Kisha akainuka, akafunga mlango wa chumba, akarudi kukaa. Wali ulipoa kwenye jani lake.

Kituo cha Kalijero hakikuwepo tena. Wingu la moto lilikipitia miaka miwili na miezi saba iliyopita.

*

Mwangalizi wa Kalijero alikuwa Pak Wiyoto. Mjane, hana mtoto, ana dada mmoja tu aitwaye Tumirah anayeuza viungo sokoni Tegalrasa. Aliishi kule juu peke yake miaka kumi na tisa, na upweke wake aliutuma chini pamoja na mitetemo. Kwenye nafasi ya maelezo, ambayo wengine waliiacha wazi, yeye aliandika: *Ukungu. Kahawa imeisha.* Au: *Jogoo wangu amemkimbia nyani.* Au neno moja: *Kimya.* Palupi alikuwa akizisoma sentensi zile kila asubuhi kabla ya kazi. Tangu mama yake afariki, alikuwa amebaki peke yake kwenye nyumba ya kupanga nyuma ya soko la ng'ombe, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa akimwambia siku yake imekwendaje.

Hakuwahi kumjibu. Aliona haya.

Wiki ile ya msiba, Alhamisi, radi ilipiga Kalijero. Ikaunguza redio ya mawasiliano na kifaa cha mtandao. Ijumaa mafundi wa simu wakapanda wakaweka kifaa kipya, na kifaa kipya kikaja na namba mpya. Kabla hawajashuka, Pak Wiyoto akaazima simu yao.

"Mbak, nimehamishwa nyumba bila kuhama. Nina namba mpya. Niandikie huko daftarini, programu yako isije ikanifukuza kama mbwa."

"Nitaiandika, Pak." Palupi alikuwa ameshavaa viatu. Basi la Salatiga lilikuwa linaondoka saa kumi, na kesho yake binamu yake anaolewa. "Jumatatu asubuhi, jambo la kwanza. Mlima si umelala?"

"Umelala," Pak Wiyoto akacheka. "Ila leo unakoroma. Haya, nenda harusini. Unilie kipande cha keki."

Ilikuwa kazi ya nusu dakika. Palupi aliiandika ile namba kwenye kiganja cha mkono akakimbilia basi.

Jumamosi mchana mlima uliamka. Pak Wiyoto aliiona ishara kabla ya vituo vyote, maana alikuwa karibu kuliko wote. Redio imekufa, na simu ya mkononi huko juu haishiki. Njia ilikuwa moja. Na mwangalizi haachi kituo mpaka ishara yake ifike, kwa sababu ishara ndiyo inayoliza ving'ora. Akabaki. Akabisha. Aliyekuwa zamu Tegalrasa aliona mstari wa mitetemo wa Kalijero umelala kwenye kioo, akasema moyoni, ni ile radi ya juzi.

Ving'ora vililia kwa ishara ya vituo vingine, saa nane na dakika kumi. Vijiji vilipona, watu wakikimbia na majivu visiginoni. Pak Wiyoto hakupona.

Jumapili Palupi alirudi ofisini akiwa bado na nguo za harusi. Akafungua kumbukumbu. Tangu saa nane kasoro dakika ishirini na tano hadi saa nane na robo, kila dakika, mstari uleule. *Kalijero. Jina na anwani havilingani. Mlango umefungwa.* Mara arobaini na moja.

Akaifuta mistari yote. Akalifuta na jina la Kalijero daftarini. Tume ya uchunguzi ilipouliza, alisema mtambo wa Kalijero ulikufa kwa radi Alhamisi. Watu wakampa pole, wakijua alikuwa akimpenda yule mzee. Hakuna aliyemuuliza zaidi.

*

Sasa, Jumatatu hii, alikaa mbele ya kioo na kungoja. Saa nane kasoro dakika ishirini na tatu.

Mstari ukatokea.

Kalijero.

Alilitafuta jina daftarini. Halimo. Programu ilikuwa imeuliza namba ya mtu asiyekuwepo, na kitu fulani kikaijibu. Akatuma salamu kwenye namba ile, kama fundi anavyogonga ukuta kusikia kama kuna uwazi nyuma. Kimya. Akawapigia watu wa simu.

"Namba hiyo haijapewa mtu, Mbak," sauti ya msichana ikamwambia. "Kifaa chake kimeandikwa kuwa kilipotea kwenye mlipuko. Una tatizo nayo?"

"Hapana. Naulizia tu."

Jumanne, kasoro dakika ishirini na mbili. Jumatano, kasoro ishirini na moja. Hodi moja kila siku, na kila siku dakika moja mbele. Palupi hakuhitaji karatasi kupiga hesabu. Kwa mwendo huo, hodi ya arobaini na moja ingeangukia saa nane na robo. Akaitazama kalenda ukutani, akafuata siku kwa kidole.

Kidole kilisimama kwenye Alhamisi. Juu ya tarehe ile alikuwa ameandika mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, alipopata mwaliko kutoka kwa Bu Tumirah, dada wa marehemu: *Siku ya elfu ya Pak Wiyoto.* Kwetu roho hupewa siku elfu. Zikitimia, watu hula, huomba, na marehemu huenda zake moja kwa moja.

*

Jumanne ya wiki ya tatu alimwomba Pak Gimin ampeleke Kalijero.

"Kufanya nini? Kule kuna mawe."

"Nataka kuona kama kuna chombo kilichobaki."

Pak Gimin alikuwa kwenye kundi la waokoaji siku ile ya mlipuko, na hakupenda kupazungumzia. Lakini akawasha pikipiki.

Walifika mchana. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye magugu. Kilichobaki ni nusu ya ukuta, sakafu iliyopasuka, na nguzo ya antena iliyopinda. Hapakuwa na waya. Hapakuwa na umeme kwa kilomita saba. Palupi alizunguka ukuta polepole, kiganja juu ya tofali, kama mtu anayetafuta mlango. Akatazama saa yake. Saa nane kasoro dakika nane.

Ndege wakanyamaza.

"Mbak."

Sauti ilitoka kwenye ukungu, upande wa sakafu. Haikuwa kali. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeita sana, na sasa anaita kwa mazoea tu.

Palupi alifungua mdomo. Mkono wa Pak Gimin ukamshika juu ya kiwiko, kwa nguvu.

"Umesikia?" alinong'ona Palupi.

"Hujasikia."

"Pak, ameniita..."

"Usiitike. Usiyemwona uso, usimwitikie. Huwezi kujua ni nani aliyelivaa hilo jina." Uso wake mzee ulikuwa umepauka kama majivu. "Twende. Usigeuke."

Walishuka. Pikipiki ilizimika mara mbili njiani, na mara zote mbili Pak Gimin aliiwasha huku akisoma dua. Ofisini Palupi alifungua kumbukumbu. Ulikuwepo mstari wa saa nane kasoro dakika nane. Ni uleule, neno kwa neno. Hata kule, hata yeye akiwa amesimama mlangoni pa Pak Wiyoto, programu yake ilikuwa imemfungia mzee.

Usiku huo alilia, si kwa hofu. Alikumbuka lile neno moja: *Kimya.*

Baada ya hapo alianza kuwahi ofisini hata siku za mapumziko. Akipita, wenzake walimwita, yeye hasikii. Mama wa kibandani alimuuliza kama anaumwa, maana wali haununui tena. Jumapili ya siku ya thelathini hapakuwa na mtu jengo zima. Alingoja mpaka saa nane kamili. Akaenda nyuma ya seva. Akachomoa waya wa mtandao. Akaushika mkononi, ncha yake ikining'inia.

Dakika ya kwanza.

Ya pili.

Ya tatu.

Saa nane na dakika nne. Taa ndogo ya kijani juu ya tundu tupu ikawaka.

Kalijero.

Waya ulikuwa bado mkononi mwake. Ulikuwa wa moto.

*

Alhamisi ya siku ya elfu, ofisi ilianza kuwa tupu tangu adhuhuri. Wote walikuwa wakienda kwa Bu Tumirah, wanawake kukuna nazi, wanaume kutandika mikeka. Pak Danurwendo alichungulia mlangoni.

"Huji, Mbak?"

"Nakuja, Pak. Nina kazi ya nusu dakika."

Alisikia magari yakitoka. Geti likafungwa. Feni ya dari ilizunguka na kulalama. Palupi alikaa, akakunjua kiganja chake cha kulia, kiganja ambacho wino wake ulikwishaoshwa siku nyingi. Hakuhitaji wino. Namba ile hakuisahau hata siku moja.

Akafungua daftari la majina. Akaandika: kalijero. Akaandika namba yake. Akahifadhi. Akatazama saa: alikuwa ametumia sekunde kumi na tisa.

Ndizo sekunde alizomnyima.

Saa nane na dakika kumi na nne. Mvua ilianza bila hodi. Bati likaitika. Chumba kikawa na giza la mchana.

Saa nane na robo.

Namba ilikuja. Programu ikauliza: ya nani? Kalijero. Ikageuza: Kalijero anakaa wapi? Ikapata namba ileile.

*Jina na anwani vimelingana. Mlango umefunguliwa.*

Mwanzoni hakuna kilichoingia. Kisha hesabu za mitetemo, zikishuka haraka kwenye kioo, kubwa, kubwa zaidi, kuliko zote alizowahi kuona. Kisha zikakoma. Na kwenye nafasi ya maelezo, herufi moja baada ya nyingine, kama zinavyoandikwa na mtu mwenye vidole vizito:

*Hodi, Mbak. Kuna mtu huko?*

Alikumbuka mkono wa Pak Gimin kwenye kiwiko. Alikumbuka aliyoambiwa. Huwezi kujua ni nani aliyelivaa hilo jina. Lakini yeye alikuwa ameuliza jina, akauliza na anwani, na vyote vimejibiwa. Kama kuna mtu duniani aliyethibitishwa, ni huyu.

Akaandika: *Nipo, Pak Wiyoto. Nisamehe. Nipo.*

Akabonyeza. Maneno yakaondoka.

Akangoja jibu. Dakika ikatimia. Mlango ukajifunga wenyewe, na mvua ikakatika ghafla kama mtu aliyezimwa sauti.

*

Kwa Bu Tumirah moshi wa kuni ulikuwa umejaa jikoni. Wanawake walikuwa wakipanga vyakula kwenye vikapu. Palupi alimvuta Bu Tumirah uani, karibu na pipa la maji, na akamwambia yote, tangu simu ya Ijumaa mpaka mistari aliyoifuta. Hakuacha hata neno. Alipomaliza, mama yule alikuwa bado ameshika mwiko.

"Mara arobaini na moja?" aliuliza Bu Tumirah.

"Arobaini na moja, Bu."

"Kaka yangu alikuwa mbishi tangu utotoni." Aliugeuza mwiko mkononi. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika. "Siku elfu nimeuza tangawizi nikijiambia kwamba alilala tu, hakujua. Sasa unaniambia alijua."

"Bu..."

"Nyamaza. Kesho asubuhi utakwenda kumwambia mkubwa wako. Utasema kama ulivyoniambia mimi. Leo kuna wageni wangu na kuna wali wa kaka yangu. Nawa mikono, upakue."

Palupi akanawa mikono, akapakua mpaka mgeni wa mwisho. Hakuna aliyejua kwa nini Bu Tumirah hakumtazama tena, wala kwa nini, wakati wa kuondoka, alimsukumia kikapu cha chakula kifuani kwa mikono miwili.

*

Ijumaa alikiri. Pak Danurwendo hakumkemea. Alifungua na kufunga kalamu yake.

"Ulifuta mistari," alisema mwishowe. "Ushahidi basi hakuna."

"Upo, Pak. Kila Jumamosi saa kumi na mbili jioni seva hujinakili yenyewe kwenye kanda. Ya wiki ile ilichukuliwa kabla sijarudi kutoka harusini. Iko Semarang, kwenye kabati la akiba. Sikuwahi kuigusa. Sikuthubutu."

Kanda ililetwa Jumatano, kwenye sanduku lenye lakiri ya miaka miwili na miezi tisa. Watu watatu walishuhudia lakiri ikikatwa: Pak Danurwendo, karani wa ofisi, na Palupi mwenyewe. Mistari ikafunguliwa kwenye kioo. Palupi alisimama nyuma, mikono imeshikana.

*Mlango umefungwa. Mlango umefungwa. Mlango umefungwa.* Karani alihesabu kwa sauti ya chini. Alifika arobaini, akakisogelea kioo.

"Mbona huu wa mwisho si kama mingine?"

Jumamosi ile ya mlipuko, saa nane na robo. *Kalijero. Jina na anwani vimelingana. Mlango umefunguliwa.*

Chini yake: *Hodi, Mbak. Kuna mtu huko?*

Na chini yake, kutoka seva, kwa jina la Palupi: *Nipo, Pak Wiyoto. Nisamehe. Nipo.*

Pak Danurwendo aligeuka polepole. "Siku ile ulikuwa wapi?"

"Salatiga, Pak. Harusini. Watu mia mbili waliniona."

"Sasa jibu hili liliandikwa na nani?"

Karani alikuwa ameteremsha ukurasa, na palikuwa na mstari mmoja zaidi. Ulitoka Kalijero. Huu Palupi hakuwahi kuuona kwenye kioo chake Alhamisi ile, ingawa alingoja.

*Mbak, kuna mtu anabisha mlangoni. Anasema ni wewe. Nimfungulie?*

Kanda ikaishia hapo.

*

Ripoti iliandikwa kwa maneno machache. Ilisema hodi arobaini zilikataliwa kwa uzembe wa mtumishi, na kumbukumbu zikafutwa. Kuhusu hodi ya mwisho haikusema lolote, maana Pak Danurwendo hakujua aseme nini. Palupi aliondolewa kazini mwisho wa mwezi. Hakukata rufaa.

Siku ya kuondoka, Pak Gimin alimbebea sanduku lake la vitu mpaka getini. Siku hiyo hakuwa na utani. Waliweka sanduku chini wakasimama kungoja gari.

"Mbak," alisema, akiangalia barabara. "Nimesikia habari za ile kanda. Karani hana siri. Kuna jambo sikumwambia mtu yeyote."

"Jambo gani?"

"Mimi ndiye niliyeingia Kalijero wa kwanza, saa kadhaa baada ya mlipuko. Tulimkuta Pak Wiyoto amekaa mezani kwake. Nusu ya nyumba ilikuwa imeanguka, lakini yeye hakuungua. Ni ile hewa ya sumu tu iliyomchukua, ametulia kama mtu aliyemaliza kuongea." Alijikuna shingo. "Mbele yake palikuwa na glasi mbili za chai. Moja yake. Nyingine upande wa pili wa meza, na kiti kimevutwa. Nilijua watu wa kwetu na midomo yao, wangesema mzee alikuwa na mwanamke huko juu. Kwa heshima ya Bu Tumirah niliitoa ile ya pili, nikaimwaga, nikaitupa korongoni kabla wengine hawajaingia."

Gari lilitokea kwenye kona. Palupi hakuliinulia mkono.

"Ilikuwa imenywewa?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Nusu."

Gari likapita.

"Na majivu yalikuwa kila mahali, Mbak," akasema Pak Gimin. "Kwenye nywele zake. Kwenye meza. Kwenye glasi yake yalikuwa yamejaa mpaka juu. Lakini ile ya pili haikuwa na hata chembe. Na nilipoimwaga, ilikuwa bado inafuka moshi."